Redio iliyokula betri hata ikinyamaza

[Muziki unashuka]

Kipindi hiki ni cha wasikilizaji wa Quitunda, na chako wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu siku ya kipindi hukuwa na redio ya kuwasha.

Wiki iliyopita bibi mmoja alitujia na redio yake ndogo. Akauliza: nikipunguza sauti, betri zitadumu? Kabla hatujamjibu, mzee aliyekaa kwenye benchi akadakia: "Hazidumu, dada yangu! Marehemu baba alikuwa na redio ya mbao. Tuliisikiliza kama mtu ananong'ona, na betri iliisha vilevile."

Tulicheka. Baadaye nikamuuliza fundi. Kumbe mzee alisema kweli, ila ni kweli ya zamani.

Redio ya baba yake ilikuwa ya valvu. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani mna waya mwembamba ambao lazima upashwe moto, ndipo umeme uweze kuruka kwenda kwenye kibati kilicho kando yake. Valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika, ndiyo iliyokuwa mlafi. Katika redio nyingi umeme ulipita ndani yake muda wote, na sauti iliutikisa tu, ukipanda na kushuka. Mtangazaji akinyamaza, umeme uliendelea kupita na kugeuka joto. Ni kama kuacha jiko la mkaa linawaka kutwa kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Chukua valvu ya EL84, iliyotumika sana katika redio za Ulaya miaka ya 1950. Ilitaka karibu wati 5 za kuipasha moto tu, na wati 12 nyingine za kupita ndani yake, ili itoe sauti isiyofika wati 6. Hiyo ni ya nyumba yenye umeme wa ukutani. Asiye na umeme angefanyaje?

Mwaka 1949, Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, ilianza kuuzwa redio ya watu wa kawaida, ya mviringo kama sufuria. Waliiita Saucepan Special. Ilikuwa na valvu nne ndogo zisizotaka moto mwingi. Bei yake pauni 5, na betri yake peke yake shilingi 25, ikidumu takriban saa 300. Ukisikiliza saa nne kwa siku, miezi miwili na nusu imekwisha. Hapo unanunua nyingine au unanyamaza.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, haihitaji kupashwa moto. Zaidi ya hapo, mafundi walianza kuweka transista mbili mwishoni zikipokezana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Pasipo sauti, zote mbili karibu zimelala. Hapo kunong'ona kukawa rahisi kuliko kupiga kelele.

Jambo hilo lilitugusa sisi wa Cabo Delgado. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na risasi za kwanza zililia Chai tarehe 25 Septemba 1964. Matangazo yake yalirushwa kupitia Radio Tanzania, yakavuka Ruvuma. Waliokulia enzi hizo wanasimulia jinsi walivyosikiliza usiku, sauti chini kabisa, sikio kwenye spika, maana kukamatwa ilikuwa hatari. Redio iliyobebeka mkononi na kula betri kidogo iliwafaa mno. Ile ya mbao ungeificha wapi?

Sisi tuliokimbilia hapa Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi tuliacha vitu vikubwa na kubeba vidogo. Redio ilikuwa miongoni mwa vidogo.

Basi bibi, jibu lako: ndiyo, punguza sauti, betri zitakaa zaidi. Na ile tochi iliyo kwenye redio yako, uizime unaposikiliza. Hiyo inakula hata redio ikinyamaza.

[Muziki]