Mkuyuni, Njia ya Vita Visivyokwisha

Waingereza huwafundisha watoto wao siku moja ya Oktoba 1066, pale Hastings, jeshi la Normandy lilipomwangusha Mfalme Harold wa Wasaksoni. Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, naye alitaka siku ya namna hiyo katika milima ya Uluguru. Hakuipata, na gharama yake ililipwa na wasiohusika na ugomvi ule.

Majeshi yake yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Nia ilikuwa kumzingira Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa kuizunguka milima pande mbili: magharibi kupitia Mlali, mashariki kupitia Kiroka, Mkuyuni na Matombo. Lakini Lettow alikwisha kuelekea kusini, Kisaki, kwenye ghala zake za chakula na risasi.

Aliyewahi kusafiri kwa njia ya mashariki, kutoka Bigwa hadi Matombo, ataelewa ugumu uliofuata. Njia hupanda, ikashuka, ikavuka mito, kisha ikapinda tena mlimani. Mbung'o waliua farasi, malaria ikalaza askari, na mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi. Upande wa magharibi mteremko uliwashinda. Magari na mizinga ikabidi virudishwe.

Ndiyo maana Jenerali Coen Brits wa jeshi la Smuts alifika Kisaki bila mizinga. Alishambulia tarehe 7 Septemba, akarudishwa nyuma. Kesho yake kikosi cha mwenzake Nussey, kilichopita njia nyingine bila habari za jana, kikashambulia peke yake, nacho kikashindwa. Wajerumani waliiacha Kisaki siku chache baadaye, pale kikosi cha mashariki kilipowabana Dutumi, lakini waliondoka na jeshi lao zima. Wakajichimbia ng'ambo ya mto Mgeta hadi Januari 1917. Lettow alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Katika miaka ile miwili, makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Vitabu vimehifadhi majina ya majenerali. Historia ya Mkuyuni inatudai tuanze na waliobeba mzigo, kwa kuwa bila vichwa vyao hakuna jenerali ambaye angevuka Kiroka.