ATER ni kazi gani? Mwalimu wa muda wa akiolojia na mwaka wake mmoja

Kijana wa Bunia ao wa Bukavu anayefikiria kwenda Ufaransa kufanya teze ya akiolojia, ile elimu ya kuchimbua na kusoma vitu vya watu wa zamani, atakutana mapema na herufi nne: ATER. Ni kifupi cha attaché temporaire d'enseignement et de recherche, yaani mwalimu na mtafiti wa muda wa chuo kikuu. Kazi hiyo iliwekwa na amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 7 Mei 1988. Si cheo cha kudumu. Ni mkataba, na siku ya mwisho wake inajulikana tangu siku ya kwanza.

Milango ya kuingilia ni kadhaa. Wa kwanza ni wa mwanafunzi anayekaribia kumaliza teze: profesa wake lazima aandike kwamba inaweza kumalizika ndani ya mwaka. Wa pili ni wa mwenye doctorat tayari, anayeahidi kushindania kazi za kudumu za chuo kikuu. Hao wote wawili wanapewa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa mara moja tu. Mlango wa tatu unasahauliwa sana huku kwetu: ni wa mwalimu ao mtafiti wa nchi nyingine, mwenye doctorat, aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha nje kwa miaka 2 ao zaidi. Mwalimu wa Lubumbashi ao wa Kisangani anaweza kugonga hapo bila kurudi kuwa mwanafunzi.

Kazi yenyewe inahesabiwa kwa saa: 128 za masomo makubwa ya auditoire, ao 192 za masomo ya mazoezi, kwa mwaka. Mwenye nusu mkataba anafundisha nusu yake. Mtu akisikia saa 192 anaweza kucheka, hiyo si ni kazi ya miezi miwili? Lakini mwaka wa mtumishi wa serikali kule unahesabiwa saa 1 607, na kwa walimu wa chuo kikuu nusu ni ya kufundisha, nusu ni ya utafiti. Ukigawa ile nusu ya kwanza kwa 192, kila saa moja mbele ya wanafunzi inabeba saa nne na kidogo: kutayarisha, kupokea wanafunzi, kusimamia mitihani, kusahihisha makaratasi. Kusahihisha hakulipwi kando. Kwa mwalimu mzee, mwenye masomo yaliyo tayari tangu miaka kumi, saa nne zinatosha. Kwa mgeni, hapana.

Na mgeni wa akiolojia ana mzigo wake. Teze yake inaweza kuwa juu ya vyungu vya zama za chuma katika bonde moja tu. Chuo hakimchukui kwa ajili ya vyungu vile. Kinamchukua afundishe mwaka wa kwanza zama za mawe, kusoma tabaka za udongo, kuchora vigae, kutengeneza ramani kwa kompyuta. Mengine anajifunza usiku ili ayafundishe asubuhi. Nusu ya utafiti njo inaliwa hivyo, polepole.

Kisha kuna shimo lenyewe. Kule watu wa vyuo wanachimba zaidi katika Julai na Agosti, wakati masomo yamefungwa, na hakuna anayechimba bila ruhusa ya Wizara ya Utamaduni. Mikataba mingi ya ATER nayo inaisha tarehe 31 Agosti. Kuchimba ni sehemu fupi ya kazi. Kuosha vitu, kuviandika namba, kuvichora, kuvihesabu, kutafuta umri wake na kuandika ripoti, hapo ndipo miezi inakwenda, na pengine miaka. Mfano uko Haut-Lomami. Mbelgiji Pierre de Maret alichimba makaburi ya Sanga na Katongo, katika bonde la Upemba, mwaka 1974. Kitabu cha uchimbaji huo kilitoka mwaka 1985. Alichochimba mwaka 1975 huko Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu kilitoka katika kitabu mwaka 1992. Hakuna uvivu hapo, kazi hiyo njo inakwenda vile. Sasa mtu wa mkataba wa miezi 12 ataahidi nini?

Ataahidi kitu cha karibu: sanduku la vigae lililo tayari katika ghala la makumbusho, ao uchimbaji wa mtu mwingine. Inaeleweka. Lakini mashariki mwa Congo inapoteza hapo. Mfupa wa Ishango, wenye mikato inayobishaniwa mpaka leo, ulichimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin kando ya ziwa Edouard, unalala Bruxelles. Pango la Matupi, Ituri, lilichimbwa katika miaka ya 1970. Ukiongeza vita na shida ya barabara, mahali kama hapo panataka mtu mwenye uhakika wa kurudi mara kumi, na ATER hana uhakika wa kurudi mara mbili.

Hata hivyo kazi hii si mbaya. Mshahara unaingia kila mwezi, bima ya ugonjwa ipo, na mkataba ukiisha mtu anaweza kuomba malipo ya asiye na kazi. Wenzake wanaoitwa vacataires wanalipwa kwa saa tu, hali ambayo profesa yeyote visiteur wa huku ataitambua haraka.

Baadaye njia ni mbili hasa. Ya kwanza ni kuwa maître de conférences, kazi ya kudumu. Kabla ya kuiomba, faili lazima likubaliwe na baraza la taifa la vyuo vikuu, sehemu ya 20 ao ya 21 kwa wengi wa akiolojia. Ya pili ni akiolojia ya kabla ya ujenzi, inayochimba mahali barabara ao nyumba zitakapopita. Sheria yake ni ya tarehe 17 Januari 2001, na Inrap, shirika la serikali la kazi hiyo, linaajiri watu wa akiolojia wengi kuliko chuo chochote.

Kila chuo kinatangaza nafasi zake chenyewe, zaidi katika miezi ya kwanza ya mwaka, na siku za kupeleka faili ni chache. Mara nyingi watu wanachaguliwa kwa karatasi tu, bila kuitwa. Kwa mwombaji wa Congo, karatasi inayochelewesha inaweza kuwa ile ya chuo chake inayoshuhudia miaka aliyofundisha: afazali aiombe mapema, na muhuri uwe unasomeka.