Mchi, Kifumbu na Blenda

Kabla ya blenda kuingia jikoni, mchuzi wa nazi wa Pwani ulitengenezwa kwa vyombo vitatu, kila kimoja na kazi yake. Kinu na mchi wake kiliponda kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Mbuzi ilikuna nazi. Kifumbu, kile kifuko cha kusukwa, kilikamua tui.

Mapishi ya kuchanganya vitu vingi yana umri mkubwa huku. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tanja, Maroko, aliandaliwa chakula Mogadishu: wali wa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, na kando achari za ndimu, pilipili (si hii kali ya leo), tangawizi mbichi na embe. Nyanya na pilipili kali tunazosaga leo hazikuwamo. Asili yake ni bara la Amerika, na zilivuka bahari baada ya safari za Columbus na za Wareno.

Tui lilikuwa na zamu zake. Nazi iliyokunwa ilitiwa maji ya uvuguvugu kidogo, ikakamuliwa, likatoka kasimile, yaani tui zito. Machicha yaliongezwa maji, yakakamuliwa tena, likapatikana tui jepesi. Hili jepesi ndilo lililotangulia sufuriani kuivisha samaki au maharage. Kasimile lilingoja mwisho, na mpishi alikoroga bila kuacha mpaka lichemke. Akizubaa, tui linakatika, mafuta huku, maji kule.

Blenda haikubuniwa kwa ajili ya tui. Stephen Poplawski, mhamiaji kutoka Poland aliyeishi Racine, jimbo la Wisconsin, aliweka visu kwenye kitako cha kikombe mwaka 1922 ili kuchanganya vinywaji vya maziwa. Mwaka 1937 mashine iliyodhaminiwa na Fred Waring, kiongozi wa bendi, ilionyeshwa Chicago, na jina la Waring likaenea.

Ilipofika Pwani, ilipewa kazi za kinu na za mbuzi kwa pamoja. Vipande vya nazi hutumbukizwa na maji ya uvuguvugu, mashine ikanguruma, na mkono ukapumzika. Kisha chujio huwekwa juu ya bakuli. Kasimile hutengwa kando, machicha yakarudishwa kwenye jagi, yakaongezwa maji, na swichi ikabonyezwa mara ya pili.