Kengele na Watu Wake: Ulinzi wa Umeme Majumbani nchini Marekani, 1853 hadi 2022

Historia ya king'ora cha nyumbani, yaani mtambo wa umeme unaotoa mlio au ishara pale mlango au dirisha linapofunguliwa na mtu asiyehusika, kwa kawaida huanzia katika mji wa Somerville, jimbo la Massachusetts, ambako mhubiri wa Kikristo aliyeitwa Augustus Russell Pope alipewa hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, tarehe 21 Juni 1853. Mtambo wake haukuwa na mambo mengi. Kila mlango na kila dirisha liliwekewa vipande vya chuma vilivyogusana pindi lilipofunguliwa, na mguso huo ulikamilisha saketi, ambayo ni njia ya mkondo wa umeme kutoka kwenye betri na kurudi kwenye betri ileile. Mkondo ulipopita uliipa nguvu sumaku-umeme, nayo ikaitikisa nyundo ndogo iliyogonga kengele. Pope alitambua pia kwamba mwizi mwerevu angeurudishia mlango upesi ili kengele inyamaze, kwa hiyo akaongeza springi iliyoendelea kupitisha mkondo hata baada ya mlango kufungwa.

Pope alifariki mwaka 1858, na mwaka mmoja kabla ya hapo haki za uvumbuzi wake zilikuwa zimekwisha nunuliwa na mfanyabiashara Edwin Holmes, ambaye mwaka 1859 alihamishia shughuli zake New York, jiji lililokuwa na matajiri wengi na wezi wengi vilevile. Vitabu vingi vya historia ya uvumbuzi huishia hapo, kana kwamba kazi ilikuwa imekamilika mara kengele ilipoweza kulia, ilhali maswali mawili yaliyo mazito zaidi yalikuwa hayajajibiwa: nani atajua kwamba kengele imekufa, na nani atakuja ikilia?

Swali la kwanza lilitokana na umbile la saketi yenyewe. Mtambo wa aina ya Pope ulitumia saketi wazi, ambayo hukaa bila mkondo mpaka mlango ufunguliwe. Ubora wake ni kwamba betri haichoki upesi, lakini kasoro yake ni kubwa, kwa sababu waya ukikatika au betri ikiisha mtambo hukaa kimya vilevile kama unavyokaa kimya usiku wa amani, na mwenye nyumba hulala akiamini kwamba analindwa. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa saketi funge, ambamo mkondo hupita muda wote na kengele hulia pale mkondo unapokatika, iwe kwa mlango kufunguliwa, kwa waya kukatwa au kwa betri kufa. Mtambo wa namna hii hujitangazia ubovu wake, na kwa sababu hiyo unastahili kuhesabiwa kuwa hatua kubwa kuliko kengele yenyewe.

Hata hivyo saketi funge ilidai gharama ya kila siku. Betri zilizotumika sana katika simu za maandishi za karne ya 19, na ambazo ziliweza kutoa mkondo bila kupumzika, zilikuwa mitungi ya kioo yenye maji ya mrututu, bamba la shaba chini na kipande cha zinki juu. Zinki ililiwa kidogo kidogo, maji yakapungua kwa kukauka, na mtungi uliosahauliwa ulikufa. Betri iliyobuniwa na Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, yenye maji ya chumvi ya amonia, ilifaa zaidi kwa kengele za saketi wazi kwa kuwa haikuchakaa sana isipotumika, lakini nayo ilihitaji kuongezwa maji na kubadilishiwa zinki. Tangu mwanzo, basi, ulinzi wa umeme ulikuwa kazi ya mikono isiyokoma, na fundi aliyezunguka kukagua mitungi na kukaza viungo vya waya alikuwa sehemu ya mtambo sawa na sumaku.

Swali la pili lilijibiwa kwa kuihamisha kengele kutoka nyumbani. Mwaka 1871 Edward Calahan, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amebuni mashine ya kuchapisha bei za soko la hisa, alitengeneza mfumo uliounganisha nyumba kadhaa za New York na kituo kimoja. Kila nyumba ilikuwa na kisanduku chenye mkono wa kuzungusha, na ndani yake gurudumu lenye meno lililokata mkondo kwa mpangilio wa pekee, hivi kwamba mhudumu wa kituo alipoipokea ishara alijua imetoka nyumba ipi, akamtuma kijana mjumbe aende huko mbio. Kutokana na mfumo huo ilizaliwa kampuni ya American District Telegraph, iliyoundwa mwaka 1874 na kujulikana baadaye kwa herufi zake ADT. Holmes naye aliendesha vituo vya namna hiyo, na mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu, waya za ving'ora zilizounganisha benki za Boston na ofisi ya Holmes zilifungiwa simu, zikapitisha mazungumzo mchana na kulinda benki usiku. Kimojawapo cha vituo vya kwanza kabisa vya kuunganisha simu ulimwenguni kilizaliwa, kwa hiyo, juu ya waya zilizotandazwa kwa ajili ya wezi.

Umuhimu wa kituo ulithibitishwa baadaye na sheria. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya serikali dhidi ya kampuni ya Grinnell, iliyomiliki ADT na Holmes kwa pamoja, iliamua kwamba huduma ya vituo vikuu ni soko la peke yake lisiloweza kulinganishwa na kengele zinazolia ukutani tu wala na walinzi wa kawaida, na kwamba Grinnell, ikiwa na asilimia 87 ya soko hilo, ilikuwa imelihodhi isivyo halali.

Mwaka huohuo, katika mtaa wa Jamaica, eneo la Queens jijini New York, muuguzi mweusi aliyeitwa Marie Van Brittan Brown aliwasilisha ombi la hataza pamoja na mumewe Albert, fundi wa elektroniki. Saa za kazi za wawili hao hazikulingana, Marie alibaki peke yake nyumbani nyakati za usiku, na polisi walichelewa kufika katika mtaa wao. Mtambo wao ulikuwa na matundu manne mlangoni kwa urefu tofauti, kamera iliyopanda na kushuka kati ya matundu hayo, runinga ya kumwonyesha mgeni, kipaza sauti cha kuzungumza naye, swichi ya kufungua komeo kutoka mbali, na kitufe cha kuomba msaada. Hataza ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969. Wengi humsifu Brown kama mama wa kamera za nyumbani, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini kilicho kikubwa zaidi ni kwamba mwanamke ambaye wenye dhamana ya kuitika hawakuitika kwa wakati alihamishia sehemu ya kazi ya kituo katika chumba chake mwenyewe.

Kuenea kwa ving'ora kulileta tatizo jipya, yaani milio ya uongo, ambayo chanzo chake mara nyingi ni mtumiaji aliyesahau namba ya siri, betri dhaifu, sumaku ya mlango iliyolegea au mdudu aliyeingia ndani ya kihisi, kifaa kinachotambua mtu anayepita. Mwishoni mwa mwaka 2000 jiji la Salt Lake City liliamua kwamba polisi wasiende kwenye mlio mpaka mtu athibitishe kwamba pana uhalifu. Kisha, mwezi Februari 2022, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa simu wa kizazi cha tatu, na mitambo iliyoutegemea, ambayo wenye nyumba hawakuibadilishia kifaa cha mawasiliano, ilipoteza njia yake ya kufikia kituo, hata kama taa za ukutani ziliendelea kuwaka. Mwenye king'ora leo hana budi kukijaribu kila mwezi kwa kukiliza na kuhakikisha kwamba kituo kimeipokea ishara, na kuibadilisha betri ya akiba kabla haijachoka, kwa maana kosa la mtungi uliokauka bado linawezekana.