Neno 'kibarua' linavyoponza wafanyakazi kortini

NENO 'kibarua' hunipa taabu kila ninapochukua kesi ya mfanyakazi kutoka Mtito Andei, mji ulio karibu nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa, ambapo mabasi na malori hutua usiku kucha. Nimewahi kusimamia waajiri pia, wa kibinafsi na wa kaunti. Mfagiaji wa soko au mlinzi wa hoteli aliyefanya kazi miaka minne mfululizo huulizwa kizimbani alikuwa nani pale. Naye hujibu, "Si nilikuwa kibarua tu." Wakili wa upande wa pili hutabasamu.

Asili ya neno hili ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, mfanyakazi wa kutwa, mara nyingi mtumwa aliyekodishwa, alipewa kijikaratasi cha kuonyesha ili alipwe, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana wake. Jina la karatasi likamhamia aliyeishika. 'Kipande' hakikuhama hivyo. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kukivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati, lakini mwenyewe hakuitwa kipande. (Afadhali!)

Sheria ya Ajira ya 2007 imelibana neno. Kibarua wake ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mpigo. Akifanya kazi mfululizo zikatimia siku za mwezi mmoja, kifungu cha 37 humhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28. Kaunti nayo imefungwa na kifungu hicho, ati hata kama mfagiaji hajawahi kutia sahihi popote.

Lakini Kiswahili cha barabarani kilishika njia nyingine. Kocha akifutwa, magazeti huandika kuwa kibarua chake kimeota nyasi, na hakuna anayedhani alilipwa kwa siku. Kibarua ni kazi, basi. Shahidi wangu anaposema alikuwa kibarua, anasema tu kwamba alikuwa akifanya kazi. Mkalimani wa mahakama ndiye anayeligeuza kwa Kiingereza likawa lile la saa 24, na hapo madai ya notisi huanza kuyumba.

Siku hizi humwuliza shahidi alianza lini, alilipwa kila baada ya siku ngapi, na nani alimpangia zamu. Sheria humtaka mwajiri alete rekodi za ajira, na asipozileta, mzigo wa kukanusha maelezo hayo ni wake.