Mifupa Iliyosema

Msomaji, mtoto mchanga akiumia hawezi kueleza yaliyompata. Daktari hana budi kumwuliza mzazi. Je, ikiwa mzazi huyo ndiye aliyemwumiza, daktari ataupata wapi ukweli? Swali hili liliwashinda matabibu kwa miaka mingi.

Mwaka 1860 daktari wa Ufaransa, Ambroise Tardieu, aliandika habari za watoto 32 walioteswa na wakubwa wao; 18 kati yao walikufa. Wenzake hawakumfuata. Waliona ni muhali mzazi kumdhuru mwanawe.

Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa eksirei huko New York, alieleza habari za watoto 6 waliovuja damu ndani ya fuvu la kichwa. Picha zilionyesha kwamba mifupa yao ya mikono na miguu pia ilikuwa imevunjika, kwa jumla mahali 23: mingine juzijuzi, mingine zamani hata imekwisha kuunga. Wala haikutajwa ajali yoyote ambayo ingeweza kuwa chanzo chake. Mifupa ilikuwa imesema. Lakini nani alithubutu kuisadiki?

Ilipita miaka 16. Ndipo mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wa Denver, Marekani, walipotangaza waziwazi kwamba watoto wa namna hiyo wamepigwa. Walikuwa wameziuliza hospitali 71, wakapata habari za watoto 302 katika mwaka mmoja. 33 walikufa, na 85 waliharibika ubongo daima. Watu walishtuka. Kufikia mwaka 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yametunga sheria za kupeleka habari za watoto hao serikalini.

Tangu hapo daktari amejifunza kulinganisha maneno na jeraha. Akiambiwa kwamba mtoto wa miezi miwili alitambaa akaanguka, hujiuliza: tangu lini mtoto wa umri huo akatambaa? Lakini hamhukumu mtu kwa haraka, maana yako maradhi yanayoidhoofisha mifupa hata ikavunjika bila kipigo. Kwa hiyo humpima kwanza, na humwuliza tajiri kama amwulizavyo maskini.

Basi, msomaji, angalia: picha za mwaka 1946 zilikuwa na ushahidi wa kutosha. Kilichopungua si chombo, bali moyo wa kukubali jambo chungu. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humwumbua. Na hapa aliyekufa hakuwa yule aliyeficha.