Habari za Njia Kuu za Uingereza na Watu Waliolipwa Kuzitengeneza

Kila masika ikiisha watu huitazama njia iliyochimbika, wakaulizana swali lile lile: Fedha ya kuitengeneza imekwenda wapi? Swali hili ni la zamani sana, wala halikuanza kwetu. Waingereza waliulizana karibu miaka mia tatu, wakajaribu shauri hili na shauri lile, wakagombana, hata damu ikamwagika. Nataka kuzieleza habari hizo, kwa maana zimeandikwa kwa urefu, na msomaji ataona ndani yake mambo mengi anayoyajua.

Hapo kwanza njia za Uingereza hazikuwa kazi ya serikali. Mwaka 1555 Bunge lilitoa amri kwamba kila parokia itengeneze njia zipitazo ndani ya mipaka yake. Kila mwenye nyumba alipaswa kufanya kazi siku 4 katika mwaka bila ujira. Mwenye shamba kubwa alitoa gari na wanyama wa kulivuta, pamoja na watu 2 wa kazi. Mwaka 1563 siku zikaongezwa, zikawa 6. Wasimamizi walichaguliwa na watu wenyewe, nao hawakulipwa kitu. Mtu alishika kazi mwaka mmoja, na alipoanza kuifahamu, zamu yake imekwisha. Twajua kazi ya namna hii inavyofanyika. Watu huja jua likiwa limepanda, hutupa udongo shimoni, na mvua ya kwanza huuchukua. Lakini ubaya mkubwa haukuwa uvivu. Ubaya ni kwamba parokia iliyo kando ya njia kuu ya kwenda London ilitengeneza njia iliyovunjwa na magari mazito ya wageni, na wageni wale walipita wakaenda zao wasitoe hata peni moja. Mkulima wa hapo aliona haki gani ya kuinama kutwa kwa ajili yao?

Basi mwaka 1663 Bunge liliruhusu jambo jipya katika njia kuu ya kaskazini: malango yawekwe njiani, na kila apitaye na gari au wanyama alipe ushuru, na ushuru huo uitengeneze njia ile ile. Baadaye malango yakatiwa mikononi mwa halmashauri za wadhamini, yaani matajiri na wenye mashamba wa mahali, kila halmashauri na kipande chake cha njia. Shauri hili likaenea sana. Hata kufika miaka ya 1830 halmashauri zilizidi 1,000, na njia zao zilizidi maili 20,000.

Katika mambo hayo ndipo walipotokea wakandarasi, na mmoja wao alikuwa kipofu. Jina lake John Metcalf, mzaliwa wa Knaresborough katika jimbo la Yorkshire, mwaka 1717. Alipokuwa na umri wa miaka 6 ndui ilimtia upofu. Akajifunza kupiga fidla, akawa mchuuzi wa farasi, akaendesha magari ya mizigo. Na kwa kusafiri kwake akazifahamu njia kwa miguu na kwa fimbo yake kuliko wenye macho. Mwaka 1765 halmashauri moja ilitaka kutengeneza njia kati ya Harrogate na Boroughbridge, wala wakandarasi waliojua kazi hawakuwa wengi. Metcalf akaomba apewe maili 3, akapewa, akaitimiza kazi vizuri. Tangu hapo hata uzee wake alijenga maili zipatazo 180.

Nataka tukae kidogo katika kazi yake moja, ya njia ya kutoka Huddersfield kwenda Manchester. Njia hiyo ilipita katika kinamasi kilichomeza kila kitu. Msimamizi alitaka udongo laini uchimbwe wote mpaka chini penye ardhi ngumu, kisha mtaro ule ujazwe. Metcalf akakataa, akasema kwamba gharama itakuwa kubwa mno, na tena maji yatakusanyika mtaroni. Wakabishana. Mwisho alitoa ahadi: nitaijenga kwa namna yangu, nayo ikishindwa nitaijenga mara ya pili kwa namna yenu, kwa gharama yangu mwenyewe. Akawaagiza watu wake wakate vichaka vifupi vya milimani, wavifunge matita, wayapange safu juu ya safu juu ya matope, kisha wamwage mawe na changarawe. Watu walimcheka. Lakini kipande kile kikapata karibu miaka 12 kabla hakijahitaji kutengenezwa, hali vipande vilivyojengwa penye ardhi ngumu vilikuwa vimekwisha kutengenezwa.

Tazameni ahadi ile. Mkandarasi alijifunga kwa mali yake, si kwa maneno. Wala kazi hiyo haikumtajirisha kupita kiasi: alichukua njia ya mwisho, huko Lancashire, kwa pauni 3,500, na kwa kuwa ujira wa vibarua ulipanda, akatoka na hasara ya pauni 40. Hata hivyo aliimaliza. Alifariki mwaka 1810, umri wake miaka 92.

Lakini si wote waliokuwa kama Metcalf. Halmashauri nyingi zilikopa fedha kwa rehani ya ushuru wa siku zijazo, na ushuru ulipokuja ukalipa faida ya wakopeshaji kabla jiwe moja halijavunjwa. Wasimamizi nao mara nyingi walikuwa watu wasiojua kitu, waliopewa kazi kwa kujuana. Mtu aliyeyasema haya bila kuogopa ni John Loudon McAdam, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1756, akafanyiza mali yake New York, kisha akarudi kwao. Mwaka 1816 alifanywa msimamizi mkuu wa njia za Bristol. Wengi wanalikumbuka jina lake kwa ajili ya mawe, maana yeye ndiye aliyefundisha kwamba udongo wenyewe hubeba mzigo wote madhali ukiwa mkavu, na juu yake yatosha tabaka la mawe madogo yanayoshikana. Hakuna jiwe lililoruhusiwa kuzidi wakia 6, na wasimamizi walitakiwa kuchukua mizani ndogo ya kuyapima. Wazee, wanawake na watoto waliweza kuketi na nyundo ndogo wakayavunja, wakapata ujira.

Mimi nadhani neno lake lingine lina uzito kuliko mawe. Alishikilia mbele ya kamati za Bunge kwamba njia ni mbovu, si kwa sababu fedha ni chache, bali kwa sababu fedha inatumiwa vibaya. Mahali pengi hakununua mawe mapya hata kidogo. Aliyachimbua yale makubwa yaliyokwisha kutupwa njiani, akayavunja, akayarudisha. Akataka msimamizi awe mtu aliyefundishwa, alipwe mshahara wa kutosha, asiwe na kazi nyingine, na hesabu zake zitazamwe.

Jambo lililoleta vita, lakini, halikuwa la wajenzi. Lilikuwa la wakusanya ushuru. Halmashauri zilichoka kuajiri walinzi wa malango ambao huenda wakaiba, zikaanza kuyakodisha malango kwa mnada. Mtu alitoa fedha iliyojulikana kila mwaka, na kila kilichozidi kikawa chake. Watu wa pwani yetu walilijua jambo hili, kwa maana forodha ya Unguja wakati wa Sayyid Said ilikodishwa vivyo hivyo kwa Jairam Shivji. Mkodi wa lango hana haja na njia. Haja yake ni wapitaji. Katika magharibi ya Wales mkodi mmoja, Thomas Bullin, alikodi malango ya halmashauri ya Whitland, na vizuizi vipya vikawekwa katika vijia ambavyo wakulima walivitumia kuleta chokaa ya kurutubisha mashamba. Mtu maskini alilipa hapa, akaenda kidogo, akalipa tena, mpaka ushuru ukaizidi bei ya chokaa yenyewe.

Usiku wa tarehe 13 Mei 1839 watu wakalivunja lango la Efail-wen. Likajengwa tena, wakalivunja tena. Walikuwa wanaume waliovaa nguo za kike na kujipaka masizi, na kiongozi wao aliitwa Rebeka. Husemwa kwamba jina hilo walilitoa katika Mwanzo 24, mstari wa 60, pale ndugu zake Rebeka walipomwombea kwamba uzao wake uyamiliki malango ya adui zao. Mwaka 1843 malango mengi yakaanguka. Mwezi wa Septemba mwanamke mzee aliyelinda lango la Hendy akauawa, mtu ambaye hakukodi kitu wala hakupanga bei yoyote. Serikali ikatuma askari, lakini ikatuma na tume ya kuuliza. Mwaka 1844 sheria ikaziunganisha halmashauri za Wales ya kusini, malango yakapunguzwa, na ushuru wa chokaa ukakatwa nusu.

Reli ilimaliza yaliyobaki, kwa maana wasafiri waliyaacha malango. Lango la mwisho la halmashauri hizo, katika kisiwa cha Anglesey, lilifungwa mwaka 1895. Motokaa zilipokuja, Bunge mwaka 1909 likaweka ushuru wa petroli kwa ajili ya njia; na mwaka 1926 Waziri wa Fedha, Winston Churchill, akaanza kuchota katika mfuko huo kwa matumizi mengine.

Namna hiyo ya mafuta ndiyo iliyofika kwetu. Kenya, iliyokuwa na vituo vya ushuru barabarani, iliiweka kwa sheria ya mwaka 1993. Tanzania ikaunda Bodi ya Mfuko wa Barabara kwa sheria ya mwaka 1998. Fedha hutoka katika kila lita, huingia katika mfuko, hugawanywa kati ya TANROADS, yenye barabara kuu na za mikoa, na TARURA, yenye za wilaya tangu mwaka 2017. Nao huita zabuni, ndipo mkandarasi aje na katapila. Mwenye pikipiki anayenunua lita moja kwenye duka la kijiji amekwisha kulipa ushuru wa njia, wala hakuona lango, wala ubao wa bei, wala uso wa aliyempokea.